Hedifoni na kompyuta mpakato: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamekusudiwa kwa mtu anayefanya kazi, anayesoma au anayesikiliza muziki kwa kutumia kompyuta mpakato, na anayetaka kununua hedifoni ya kudumu nayo. Malalamiko mengi yanayoelekezwa kwa hedifoni, ukiyafuatilia hadi mwisho, huishia kwenye kompyuta yenyewe: tundu lake, chaja yake, mipangilio yake ya sauti au Bluetooth yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo inahusu namna vifaa hivi viwili vinavyounganishwa.

Nianze na bei, na jina la kampuni, au na kazi?

Anza na kazi, kisha mahali unapokaa, kisha njia ya kuunganisha. Bei na jina la kampuni vije mwisho. Mwalimu anayefundisha kwa Zoom asubuhi hadi mchana anahitaji maikrofoni inayosikika vizuri na hedifoni nyepesi isiyobana kichwa, hata kama besi yake ni ya kawaida tu. Anayehariri vipindi vya redio au muziki anahitaji sauti isiyopambwa, ili kasoro iliyomo kwenye rekodi isikike kama ilivyo, na kwake yeye maikrofoni ya hedifoni haina kazi. Anayetazama filamu usiku watoto wakiwa wamelala anahitaji zaidi hedifoni isiyovujisha sauti nje. Ni vigumu kupata hedifoni moja inayowatosheleza wote watatu, na zile zinazouzwa kwa ahadi hiyo mara nyingi huwa zimebana matumizi kwenye maikrofoni, kwa sababu mnunuzi anayejaribu bidhaa dukani husikia spika tu. Maikrofoni husikiwa na wengine, tena baadaye.

Kuna tofauti gani kati ya hedifoni iliyofungwa mgongo na iliyo wazi?

Iliyofungwa ina kikombe kigumu nyuma ya spika, kwa hiyo kelele za chumba huingia kidogo na sauti yako haitoki nje. Iliyo wazi ina matundu au wavu mahali pa kikombe hicho. Sennheiser ya Ujerumani iliingiza mtindo huo sokoni mwaka 1968 kwa hedifoni yake ya HD 414. Mtindo wa wazi hutoa sauti yenye nafasi zaidi na hauchemshi masikio, lakini feni ya dari utaisikia, na aliyeketi karibu nawe ataisikia filamu yako. Kwa ofisi ya watu wengi, bweni la chuo au nyumba iliyo kando ya barabara, chagua iliyofungwa bila kusitasita. Iafoni ndogo zenye mpira wa kuziba tundu la sikio huzuia kelele vizuri pia, mradi mpira huo uwe wa ukubwa unaokutosha. Ukiwa mdogo, besi hupotea yote na watu hudhani kifaa ni kibovu.

Kwa nini hedifoni yangu ya Bluetooth ni nzuri kwenye muziki lakini sauti huharibika mkutano unapoanza?

Bluetooth iliyozoeleka ina njia mbili tofauti za kubeba sauti. Ya kwanza, iitwayo A2DP, hupeleka stirio ya muziki kutoka kwenye kompyuta kwenda masikioni, na haina nafasi ya maikrofoni kurudisha chochote. Ya pili, iitwayo HFP, iliundwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Hubeba sauti kwenda na kurudi kwa wakati mmoja, lakini kwa mono na kwa ubora mdogo. Toleo lake la zamani huchukua sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 8,000 kwa sekunde, na lililofuata huchukua 16,000, ilhali CD ya muziki hutumia 44,100. Programu ya mkutano inapofungua maikrofoni ya hedifoni, kompyuta hulazimika kuhama kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili, na papo hapo sauti hufifia, hukosa besi na kuwa nyembamba. Hedifoni ya shilingi laki nane hupatwa na jambo hili sawasawa na ya elfu arobaini, kwa kuwa chanzo chake ni njia ya usafirishaji.

Tiba yake haina gharama. Zoom, Microsoft Teams na Google Meet zote zina orodha mbili katika mipangilio ya sauti, moja ya spika na nyingine ya maikrofoni. Kwenye orodha ya spika chagua hedifoni yako, na kwenye orodha ya maikrofoni chagua ile iliyojengwa ndani ya kompyuta, au maikrofoni ya USB kama unayo. Maikrofoni ya hedifoni isipofunguliwa, stirio hubaki. Katika kompyuta nyingi zenye Windows 10 utaona hedifoni moja imeorodheshwa mara mbili, mara moja ikiwa na neno "Stereo" na mara nyingine "Hands-Free". Chagua ya kwanza. Hasara ya mpango huu ni kwamba maikrofoni ya kompyuta husikia kibodi na mwangwi wa chumba, hivyo ni vyema ukae karibu nayo na uache kuchapa wakati unazungumza.

Mfumo mpya uitwao LE Audio, unaotumia kodeki (njia ya kufinya sauti na kuifungua) iitwayo LC3, unaondoa sehemu kubwa ya tatizo hili, lakini unafanya kazi pale tu ambapo hedifoni na kompyuta vyote viwili vinauunga mkono. Kompyuta iliyonunuliwa ikiwa imetumika Ulaya na kuletwa huku kwa kawaida haina uwezo huo.

Je, hedifoni za waya bado zina maana?

Kwa mtu anayekaa mezani, ndiyo, na mimi binafsi ningeanza na waya kabla ya kufikiria kitu kingine. Waya hauishiwi chaji katikati ya usaili wa kazi, hauchelewi, na hubeba stirio na maikrofoni kwa pamoja bila kupunguza kimojawapo. Sony MDR-7506, hedifoni ya waya iliyotoka mwaka 1991, hadi leo inauzwa na inatumika katika studio za redio na kwa wanaorekodi sauti za filamu. Haina maikrofoni wala betri, na sehemu zake nyingi zinabadilishika zikichakaa. Kwa kiasi kile kile cha fedha, hedifoni ya waya karibu kila mara ina spika bora kuliko isiyo na waya, kwa sababu fedha haikugawanywa kwa betri, redio na saketi za kuchaji.

Bluetooth inastahili kwa mtu anayetembea chumbani akisikiliza mhadhara, au anayehama kati ya simu na kompyuta mara kwa mara. Ukiinunua, usilipie kodeki ambayo kompyuta yako haiwezi kuitumia. Kodeki ya SBC ipo kwenye kila hedifoni ya Bluetooth ya muziki. AAC na aptX hutegemea kifaa. LDAC ya Sony, inayofika kilobiti 990 kwa sekunde, ni nzuri kwa simu nyingi za Android, lakini Windows haikuijumuisha, na kompyuta za Apple pia hazina. Anayetumia Linux ya kisasa yenye PipeWire, programu inayosimamia sauti, anaweza kuipata.

Hedifoni yangu ina pini mbili, kompyuta ina tundu moja. Nifanye nini?

Pini za milimita 3.5 ziko za aina mbili zinazohusika hapa. Yenye mistari miwili nyeusi ina sehemu tatu za mguso: kushoto, kulia na hasi ya pamoja. Yenye mistari mitatu ina sehemu nne, na ya nne ni ya maikrofoni. Kompyuta mpakato nyingi za sasa zina tundu moja la aina hii ya pili. Hedifoni yenye pini mbili, moja ya kijani kwa sauti na moja ya waridi kwa maikrofoni, ilitengenezwa kwa kompyuta za mezani, na unachohitaji ni kigawanyo kidogo kinachoziunganisha mbili kuwa pini moja ya mistari mitatu. Angalia usinunue kigawanyo cha watu wawili kusikiliza pamoja; vinafanana kwa sura, lakini hicho hakina njia ya maikrofoni. Alama za hedifoni na maikrofoni zilizochorwa kwenye matundu yake ndizo zitakazokuhakikishia.

Kama kompyuta haina tundu la duara kabisa, utatumia adapta ya USB-C, na hapa watu wengi hupoteza fedha. Adapta fulani za bei rahisi zilizotengenezwa kwa simu ni waya mtupu: hutegemea simu kutoa sauti iliyokwisha kugeuzwa kuwa umeme wa analogi, jambo ambalo kompyuta nyingi hazifanyi. Tafuta adapta yenye kigeuzi cha sauti ndani yake, yaani chipu inayofanya kazi hiyo ya kugeuza yenyewe. Ile ndogo ya Apple ya USB-C ina kigeuzi hicho na hufanya kazi hata kwenye Windows.

Hedifoni za USB zina faida gani?

Huja na kadi yao ya sauti, hivyo hazitegemei tundu la kompyuta ambalo huenda limelegea au lina mvumo. Kwa vituo vya huduma kwa wateja na kwa wanaofundisha mtandaoni ndizo ninazozipendekeza. Kwa muziki ni za kawaida.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi zina maana gani?

Namba inayostahili kusomwa kwanza ni ukinzani, unaopimwa kwa ohm, ikisomwa pamoja na usikivu, unaoonyesha ni desibeli ngapi hutoka kwa miliwati moja ya umeme. Hedifoni ya ohm 32 huhitaji takriban volti 0.18 ili kupata miliwati hiyo moja. Ya ohm 250 huhitaji volti 0.5. Beyerdynamic DT 770 Pro ni mfano mzuri, kwa sababu hedifoni hiyo hiyo imeuzwa kwa ohm 32, 80 na 250. Kompyuta ya kawaida itaipiga hata ya 250, lakini rekodi iliyorekodiwa kwa sauti ya chini, kama vile mahojiano au muziki wa tarabu wa zamani, itakulazimu kufikisha sauti mwisho bila kuridhika. Kwa kompyuta mpakato isiyo na amplifaya ya pembeni, baki kati ya ohm 16 na 80. Kompyuta za MacBook Pro zilizotoka mwaka 2021 na kuendelea ni za kipekee kidogo: hupima zenyewe ukinzani wa hedifoni iliyochomekwa na kuongeza volti ikihitajika.

Namba ya masafa, ile ya "20 Hz hadi 20,000 Hz", ipuuze. Karibu kila kampuni huiandika, na haisemi lolote kuhusu namna sauti ilivyo kati ya pande hizo mbili. Ukubwa wa spika kwa milimita nao hauna uzito mkubwa.

Hedifoni za kuzima kelele zitanisaidia na jenereta ya jirani?

Zitakusaidia sana na jenereta, na kidogo tu na watu wanaozungumza. Maikrofoni ndogo hupima kelele inayoingia, kisha saketi hutengeneza wimbi lililo kinyume chake ili mawili yafutane. Wazo hili ni la zamani. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1936, ingawa hedifoni za marubani za Bose zilizolitumia zilifika sokoni mwaka 1989. Kelele nzito isiyobadilika, kama ya jenereta, feni, kiyoyozi au injini ya ndege, huzimika vizuri. Kilio cha mtoto, honi ya bodaboda na mazungumzo ya chumba cha pili hubadilika haraka na yana masafa ya juu, na hayo huzuiwa zaidi na ule mto unaofunika sikio. Kumbuka pia kwamba uwezo huu hukuzuilia wewe kelele. Wanaokusikiliza mkutanoni wataendelea kuisikia jenereta, isipokuwa maikrofoni nayo ina mfumo wake wa kuichuja, au programu ya mkutano iwe imewekwa kuichuja.

Nasikia mvumo ninapochomeka chaja. Hedifoni ni mbovu?

Chomoa chaja uache kompyuta iendeshwe na betri. Mvumo ukikoma, hedifoni ni nzima na tatizo liko kwenye umeme. Chaja zisizo na pini ya ethi (ya kupeleka umeme ardhini), na zile zenye pini tatu zilizochomekwa kwenye soketi ambayo ethi yake haikuunganishwa kamwe na fundi aliyejenga nyumba, huacha umeme mdogo ukielea kwenye mwili wa kompyuta. Ukipitisha kidole taratibu juu ya kompyuta ya chuma wakati inachaji unaweza kuhisi mtekenyo. Umeme huo ndio huingia kwenye waya wa hedifoni na hasa kwenye maikrofoni. Tumia chaja halisi yenye pini tatu, hakikisha ethi ya nyumba inafanya kazi, na kama umeunganisha spika au skrini ya nje, vichomeke vyote kwenye kebo moja ya kuongezea soketi. Ukirekodi sauti ya muhimu, rekodi kwa betri.

Mlio wa vipindi vipindi unaotokea sekunde chache kabla simu haijaita ni jambo jingine. Huo hutoka kwenye simu inayotumia mtandao wa 2G ikiwa karibu na waya. Isogeze.

Muziki hupungua wenyewe ninapopigiwa simu kwenye kompyuta. Nazuiaje?

Windows imewekwa kupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 inapotambua mawasiliano. Fungua mipangilio ya zamani ya sauti, nenda kwenye kichupo cha mawasiliano, uchague kutofanya chochote.

Sauti ya Bluetooth hukatikakatika au huchelewa nyuma ya picha. Kwa nini?

Kuchelewa ni maumbile ya Bluetooth: sauti hufinywa, hutumwa, hukusanywa na kufunguliwa, na kwa SBC jumla hufikia kiasi cha sekunde 0.1 hadi 0.25. Programu nyingi za video hulijua hilo na huchelewesha picha ili vilingane, lakini michezo na programu za kupigia kinanda haziwezi kufanya hivyo, kwa hiyo huko tumia waya.

Kukatikakatika kuna sababu nyingine. Bluetooth hutumia masafa ya 2.4 GHz, ambayo pia hutumiwa na Wi-Fi, hivyo kuhamishia kompyuta kwenye Wi-Fi ya 5 GHz kama ruta yako inayo huleta nafuu mara moja. Kisichofahamika na wengi ni kwamba vifaa vya USB 3.0, hasa diski za nje zenye waya usio na kinga nzuri, hutoa kelele ya redio katika masafa hayo hayo. Intel ililieleza jambo hili katika waraka wake wa mwaka 2012. Ikiwa sauti hukatika kila unaponakili mafaili, hamishia diski upande wa pili wa kompyuta.

Nisikilize kwa sauti kubwa kiasi gani, na kwa muda gani?

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wasivuke desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na watoto desibeli 75 kwa muda huo huo. Kila sauti inapoongezeka kwa desibeli 3, nishati inayofika sikioni huongezeka maradufu na muda salama hupungua nusu: kwa desibeli 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10, na kwa 90 ni kama saa 4 tu kwa wiki nzima. Kompyuta nyingi hazikuonyeshi desibeli, kwa hiyo weka kipimo cha sauti kwanza ukiwa mahali palipotulia, na usikiongeze ukihamia penye kelele. Anayepandisha sauti ili kuishinda jenereta anahitaji hedifoni inayozuia kelele zaidi.

Nitatambuaje hedifoni bandia?

Bei ndiyo dalili ya kwanza: hedifoni ya Sony au JBL inayouzwa kwa robo ya bei ya wakala si bahati. Iwe Kariakoo au Luthuli Avenue mjini Nairobi, omba risiti yenye jina la modeli na namba ya kifaa, kisha linganisha namba iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye hedifoni yenyewe. Ingiza jina hilo katika programu ya simu ya kampuni husika kama ipo. Nyingi za bandia huunganishwa kwa Bluetooth lakini programu hiyo haizitambui. Uzito mdogo kupita kiasi, maandishi yaliyopinda na maneno yaliyokosewa tahajia ni ushahidi wa kutosha wa kuirudisha. Mtu mwenye fedha kidogo hufanya vyema zaidi akinunua modeli halisi ya chini ya kampuni isiyojivuna, kama vile Oraimo, kuliko nakala ya modeli kubwa.

Joto na unyevu wa pwani huziathiri?

Sana, na huanza na sponji. Ngozi bandia ya kufunika sponji huoza kwa jasho na hewa yenye unyevu, ikaanza kubanduka vipande vidogo vyeusi vinavyobaki shavuni. Kwa mtu wa Tanga, Mombasa au Zanzibar hili hutokea mapema kuliko kwa mtu wa Arusha. Kabla ya kununua, tafuta kwanza kama sponji za modeli hiyo zinauzwa peke yake. Za kitambaa hupitisha hewa na hudumu zaidi, ila huzuia kelele kidogo. Futa jasho kwa kitambaa kikavu kila baada ya matumizi, usizifungie kwenye mkoba zikiwa na majimaji, na usiache za betri ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwani joto huzeesha betri za lithiamu haraka.

Upande mmoja umekufa. Nitupe?

Usitupe kabla ya kupima mambo matatu. Zijaribu kwenye simu. Zikilia pande zote, angalia mizani ya kushoto na kulia katika mipangilio ya kompyuta, kisha safisha tundu kwa kijiti kikavu cha mbao, kwa sababu vumbi lililoshindiliwa humzuia pini asifike mwisho. Kama upande umekufa hata kwenye simu, pindapinda waya taratibu karibu na pini na karibu na kikombe. Sauti ikirudi kwa sekunde moja, waya umekatika hapo ndani, na fundi wa redio mwenye pasi ya kulehemu risasi atakata sehemu hiyo na kufunga pini mpya kwa gharama ndogo. Mwambie idadi ya mistari ya pini ya zamani kabla hajaikata, la sivyo utarudi nyumbani na hedifoni nzima isiyo na maikrofoni.